Kichwa cha Mnyama wa Bibi

Kwii. Kwii. Kwii. Mpaka leo nikikaa peke yangu naisikia: meno ya msumeno wa chuma yakiteleza juu ya jiwe, hayapati pa kung'ata. Haikuwa sauti ya kitu kinachokatwa. Ilikuwa sauti ya kitu kinachokataa. Ami Said, mdogo wake baba yangu, alikuwa amechutama kwenye kibaraza cha saruji nyuma ya jikoni, kule Harrow, London, tulikokuwa tukikaa, mishipa ya shingo imemtoka. Mbele yake, ndani ya jiliwa, chuma cha kubania vitu, aliyoiazima karakana ya mabasi alikokuwa akifanya kazi, alibanwa mnyama wa bibi yangu. Mie nilikuwa ndani, pua nimeibandika kwenye kioo cha mlango, kioo kinaingia mvuke wa pumzi zangu, naufuta, unaingia tena.

Mnyama mwenyewe hakuwa mkubwa. Alienea kwenye kiganja cha mtu mzima. Jiwe lake lilikuwa kijani, lakini si kijani cha majani. Kijani cha tango ulilolimenya ukaliacha sahanini, na kwenye paja la nyuma palikuwa na baka la rangi ya kutu. Wauza vito wanaliita jedi. Sisi tulisema tu jiwe la Kichina. Hakuwa simba, hakuwa mbuzi, hakuwa mjusi. Kifua cha simba, ndevu za beberu, mabawa madogo yamekunjwa ubavuni kama ya kifaranga anayeona baridi, na pembe moja tu, imelala nyuma kufuata kisogo. Mdomo ameuachama. Watu wazima walisema anatisha. Mie nikimwona anacheka, tena kile kicheko cha mtu aliyepewa umbea akaapishwa asiutoe.

Kwao Bibi, Mji Mkongwe, alikuwa akikaa kidakani, kile kishubaka cha ukutani, pamoja na sahani za Kichina, na alikuwa na wenzake wengine ambao walibaki hukohuko pamoja na kila kitu. Baba yake Bibi alimpata kwa tajiri mmoja wa meli, na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: mtoto akishikwa na homa, mnyama huwekwa kwenye maji ya mtungi kisha hulazwa juu ya paji lake la uso. Jiwe lile lilikuwa na baridi ya ajabu. Hata mie nimelazwa naye. Unahisi tumbo lake kwenye paji, baridi kwanza, halafu taratibu anapata joto, kama kwamba homa yako anainywa yeye.

"Mlimtoaje huko Unguja, Bibi?" nilikuwa nikimuuliza, na jibu nalijua kwa moyo.

"Nilimshika mkononi. Kijana aliyenipekua bandarini alichukua bangili, akachukua kikuku, akachukua hata vipuli masikioni. Huyu akamgeuza, akamgeuza, akacheka. 'Shika mjusi wako, bibi.' Basi, nikamshika mjusi wangu."

Akifika hapo hucheka, na mie hucheka, kwa sababu nilidhani ni hadithi ya kuchekesha.

Baba yangu hakuwemo kwenye safari ile. Alichukuliwa nyumbani siku za mwanzo za mapinduzi, mie nikiwa bado tumboni, na hakuna aliyewahi kutuonyesha kaburi. Picha yake haikuwepo. Nguo yake haikuwepo. Kilichokuwepo ni pembe. Bibi akisema mwanawe alipokuwa akiota meno alikuwa hanyamazi mpaka apewe mnyama aitafune pembe yake. "Hapa," akisema, na kunishika kidole gumba akakipitisha. "Unasikia? Jino lake la mbele." Mie nikajibu nasikia, na Mungu shahidi yangu nilisikia kweli, ingawa leo najua meno ya mtoto hayawezi kuacha alama kwenye jiwe ambalo hata msumeno haukuliweza.

Wakati huo macho ya Bibi yalikuwa yameshafungwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akikaa kwenye kiti karibu na hita ya mafuta ya taa, kanga mbili mabegani, soksi za Ami miguuni, na kidole gumba chake kikipanda mgongo wa mnyama, kikapita mabawani, kikafika penye pembe, kikatulia hapo. Siku nzima. Ukimwona utadhani anavuta uradi.

Tulikuwa tumepanga juu, kwa Mama Jyoti, Mhindi wa Mwanza, ambaye alikuja London na mumewe na mama mkwe wake. Yeye na mama yangu walikuwa wakisemezana Kiswahili ngazini, kila mmoja akidhani cha mwenzake ndicho kilichovunjika. Chini kwao kulinukia uvumba na dengu za kukaangwa, na kwenye kona ya sebule palikuwa na rafu ya miungu yao imevishwa maua: mwenye kichwa cha tembo, mwenye kupanda simba, na mwengine mwenye mikono mingi. Pembeni ya rafu alikuwa akikaa yule mama mkwe, waliyemwita Ba, anabambua njegere. Ba alikuwa mzee kuliko mtu yeyote niliyemwona duniani. Hilo liwekeni akilini, kwa sababu mie nililiweka.

Kipupwe kimoja kikali Bibi akashikwa na kifua. Daktari akaja, akasikiliza mgongo, akaandika dawa, akasema kwa umri wake tusubiri tu. Kitanda chake tukakihamishia chumba cha mbele penye joto. Ndipo Ami Said alipoanza maneno yake.

Nisimdhulumu. Ami ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kunipeleka skuli theluji ikianguka, akijifanya farasi mpaka Wazungu wanageuka kutazama. Alikuwa na mikono inayonuka grisi hata akinawa vipi. Jumapili alikuwa ameanza kwenda darsani, kwenye ukumbi wa kukodi, na akirudi huwa na jambo jipya la kutukataza. Siku ile alikaa pembeni ya kitanda bila kuvua koti.

"Mama, nyumba yenye sanamu malaika wa rehema hawaingii."

"Sanamu gani?"

"Hilo ulilolishika."

Bibi akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Huyu kakaa kidakani kwetu tangu sijazaliwa, na malaika wakiingia wakitoka."

"Nani aliwaona wakiingia?"

"Na wewe nani kawaona wanakataa?"

Mama yangu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Ami hakucheka. "Mie sisemi tumtupe, Mama. Kichwa tu. Kikitoka kichwa anakuwa kama mti, hapana neno tena. Unaumwa. Nataka chumba chako kiwe na rehema."

"Anza na changu," akasema Bibi, na kujifunika.

Mie nilikuwa nimekaa chini na kitabu changu, na maneno yale yakanipiga kama taa iliyowashwa. Mama alikuwa akinisomesha mwenyewe dini jikoni, na wiki hizo tulikuwa kwenye majina ya malaika. Jibrili anateremsha wahyi. Mikaili na mvua. Israfili na baragumu. Izraili, mtoa roho. Malaika. Izraili naye ni malaika! Basi kama malaika hawaingii penye sanamu, Izraili ataingia wapi? Hawezi. Atafika mlangoni, atamwona mnyama ameachama mdomo, atarudi zake. Na ushahidi nilikuwa nao chini ya ghorofa: Ba. Chumba kizima sanamu, na yule bibi anabambua njegere tu, hafi. Wazee wetu Waislamu wanakufa mapema kwa sababu nyumba zao tupu. Sikuwahi kujiona mwenye akili kama siku ile.

Nilimpandia Bibi kitandani, nikamnong'oneza sikioni, "Bibi, usimtoe. Ukimtoa tu, umekwisha." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mama akanitoa kwa kofi la mgongo.

Halafu hali ikawa mbaya. Homa ikapanda, Bibi akawa halali wala haamki, anaita watu waliokufa. Ami alikuwa akisimama mlangoni na kofia mkononi, hajui aingie au aondoke. Jumamosi akarudi kutoka kazini na jiliwa begani.

"Shemegi, ngoja aamke," mama akamwambia.

"Na asipoamka? Nitakuja kujibu nini mie, kwamba nilijua nikamwacha?"

"Ni chake. Hana kingine alichobakiza, nawe umchukulie na hicho?"

Ami akamchomoa mnyama mkononi mwa Bibi, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto aliyelala. Kisha ndipo nikasikia ile kwii.

Msumeno ulikuwa ukiacha mstari wa kijivu juu ya shingo, ukiufuta kwa kidole unatoka. Ni chuma kilichosagika, si jiwe. Akabadilisha msumeno. Akamwagia maji. Dirisha la chini likafunguka, Mama Jyoti akatoa kichwa.

"Bwana Said! Wewe nachinja nini huko?"

"Hapana kitu, mama."

"Hapana kitu nalia hivyo?"

Akaacha msumeno, akachukua tindo na nyundo. Pigo la kwanza tindo ikaruka. Sikuhesabu mengine, nilikuwa nimefumba macho na kumwambia mnyama, usikubali, usikubali. Nilipoyafumbua, kichwa hakikuwepo. Hakikutoka kizima hata hivyo. Taya huku, ndevu huku, pembe imegawanyika. Ami aliviokota vipande vyote kwenye gazeti, akaenda navyo mpaka kwenye pipa la taka nje, gari la taka lilikuwa linapita saa ileile likavibeba, akarudi kidole kinavuja damu na macho mekundu. Nilidhani ni vumbi la jiwe.

Alidhani Bibi hatajua. Kipofu, mgonjwa, mkono hauna nguvu, atashika mgongo tu. Akamrudishia kiganjani. Alasiri homa ikashuka kidogo, na sote tulikuwa chumbani Bibi alipoamka. Kidole gumba kikaanza safari yake. Kikapanda mgongo. Kikapita mabawani. Kikafika pale, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena, kama mtu aliyekosea mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Said."

"Naam, Mama."

"Pembe ya nduguyo iko wapi?"

Hita ilikuwa ikivuma. Mama alishika ukingo wa kitanda.

"Mama, mie nilitaka..."

"Nakuuliza iko wapi."

"Nimeitupa."

Bibi akanyoosha mkono na jiwe, kama anavyorudisha mtu kikombe kisichooshwa vizuri. "Mchukue basi. Huo mti wako si wangu." Akageukia ukutani.

Kuanzia hapo Ami akiingia na kutoa salamu alijibiwa salamu, kwa kuwa kujibu salamu ni wajibu. Neno lingine hakupewa.

Na mie sikuwa na muda wa kuwasikitikia. Mlango wa Izraili ulikuwa wazi! Nikashuka ngazi nikamkuta Mama Jyoti anachambua mchele.

"Mama Jyoti, naomba uniazime mungu mmoja."

Akaacha ungo. "Nini?"

"Mmoja tu. Yule wa tembo, au yeyote ambaye humtumii. Nitamrudisha Bibi akipona."

Alicheka akajishika mbavu, akamtafsiria Ba kwa Kigujarati, na Ba naye akacheka, meno hana. "Mungu si kikombe cha sukari, toto, naazima jirani." Lakini aliponitazama vizuri akainuka. Akaenda kabatini akatoa mfuko wa wanyama wa plastiki aliokuwa akichezea mwanawe zamani: ng'ombe, kondoo, farasi asiye na mguu. "Hii iko na kichwa yote. Chukua."

Niliwapanga. Wengine chini ya godoro la Bibi, mmoja ndani ya foronya, farasi nyuma ya pazia akitazama nje. Kila nikitoka skuli nilikuwa nikiingiza mkono chini ya godoro kuwapapasa vichwa. Bibi alikuwa halalamiki. Alikuwa anatazama ukuta ambao hauoni, na kidole gumba chake kikipanda na kushuka kwenye upindo wa blanketi.

Nilirudi siku moja nikakuta viatu vya wageni vimejaa ngazini. Sikuuliza. Nyinyi mliokulia nyumba zetu mnajua viatu vile vinavyosema.

Wanawake walikuwa wameshamhamisha Bibi, wanatandua kitanda wapate kumuosha. Mama akainua godoro na ng'ombe wakamwagika sakafuni, wakabiringika mpaka kizingitini. Wakati huohuo ngazi ikalia: Ami anapanda na ndoo ya maji. Mama aliniangalia mara moja tu, na sijui aliyajuaje yote kwa mara moja ile. Akavua kanga ya begani akaitupa juu yao, akasimama mlangoni.

"Iweke hapo hapo, shemegi. Wanawake tuna kazi."

Jioni nikamfuata jikoni. Alikuwa akiosha vikombe vya wageni.

"Mama, aliingia vipi?"

"Nani?"

"Izraili. Nilimzibia kote."

Akalifunga bomba. Aliinama akanishika uso kwa mikono ya mapovu. "Huyo, mwanangu, hazibiwi. Hata angekuwemo simba mzima humo ndani, angeingia."

"Na mnyama alipokuwa na kichwa?"

"Angeingia vilevile."

Nikaokota kikombe nikakifuta. Kisha nikasema, "Basi kichwa kimekatwa bure." Mama alirudi kwenye vikombe vyake, akaosha mpaka vilivyokwisha oshwa.

Chumba cha pili Ami alikuwa akipokea tanzia, na kila anayempa mkono alimwambia maneno yaleyale: "Alhamdulillahi, chumba kilikuwa safi. Malaika wameingia kwake." Alikuwa akiyasema kama mtu anayejifunga bendeji. Mama aliyasikia, nami niliyasikia, na ng'ombe wa plastiki walikuwa ndani ya mkoba wa mama chini ya meza ya chumba hichohicho. Hatukumwambia, si siku ile wala baadaye. Nilimchukia, lakini neno lile sikuwa na moyo wa kumvua.

Kile kiwiliwili cha mnyama kilikaa kabatini, kisha mama akawa anakitumia kukandamizia embe kwenye mtungi wa achari, kwa sababu ni kizito na hakishiki chumvi. Tulipohama, kikabaki huko. Wanyama wa namna yake nimewaona ukubwani, ndani ya kabati la vioo kwenye jumba moja la makumbusho hapahapa London, wamewashiwa taa za chini, kila mmoja na kibao chake. Nilijitaabisha kukisoma kibao kimoja. Wachongaji wa zamani wa Uchina, kimesema, waliwatengeneza wanyama hao wazuie mabaya yasipite mlangoni. Nikajichekea mwenyewe pale, mlinzi akanitazama. Kumbe sikuwa mjinga peke yangu.

Mwezi uliopita Ami Said alipigwa na kiharusi. Yuko hospitali, upande mmoja umekufa, ulimi umelala, lakini jicho la kushoto linakwenda na wewe. Nilimkuta mkewe amechoka, nikamwambia ateremke akanywe chai, nitabaki mie. Wajukuu zake waliozaliwa huku, ambao akiwasemesha Kiswahili wanamjibu kwa Kiingereza, walikuwa wamempambia kitanda kwa mapenzi: kadi ya sungura, kadi ya bundi mwenye miwani, na juu ya mto, shavu kwa shavu naye, mdoli wa dubu aliyeshika moyo mwekundu. Hakuna aliyewahi kuwaambia watoto wale lolote. Jicho la Ami lilikuwa limemkazia yule dubu, na jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Ami, unataka nini?"

Jicho likanitazama, likarudi kwa dubu. Mkono mzima ukainuka kidogo, ukaanguka.

Nilikaa kwenye kiti muda mrefu. Nikamkumbuka Bibi alivyogeukia ukutani. Nikafikiri ningeweza tu kutulia hapo na mkoba wangu mapajani, nizungumze habari za hali ya hewa, mpaka mkewe arudi. Nisingekuwa nimefanya lolote. Sijamsamehe, na sioni haya kuliandika.

Nikanyanyuka. Nikamtoa dubu shavuni kwake, nikamtia ndani ya mkoba, nikafunga zipu. Sungura na bundi nikawalaza kifudifudi. Kisha nikalifungua kidogo pazia la kitanda, pawe na njia ya malaika.